Embe la Agosti

Mwezi wa Agosti Mombasa hakuna embe. Kusi linavuma, miembe ndiyo kwanza inatoa maua, na ukitaka tunda utakula papai au utakula ndizi. Hili halihitaji elimu. Ndiyo maana usiku mmoja wa Alhamisi, Agosti iliyopita, mama watoto aliponiinamia begani, akaunusa ukosi wa koti langu, akaunusa tena, kisha akaniuliza kwa upole uliotisha, "Baba watoto, hili embe umelila kwa nani?" nilijua nimeshaingia matatani, ila sikujua ni matata gani.

Wasiomjua mama watoto nawaeleza. Nyumba yetu ina udi wa Ijumaa na udi wa wageni, na vetezo viwili ambavyo haviazimwi. Kuna halud ya kwenda harusini na miski ya kwenda matangani. Mwanamke huyu husimama mlangoni akakwambia jirani wa nyumba ya tatu anapika nini, na kama kitunguu kimeungua. Huwezi kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba pua yake imekosea. Ni sawa na kumwambia nahodha kwamba bahari iko upande mwingine.

Nilijitetea vibaya. Nilisema labda ni sabuni. Akauliza sabuni ya nani. Nikasema labda ni kwenye matatu, nilibanana na mtu. Akauliza mtu gani. Mume mwenye akili hunyamaza hapo. Mimi niliendelea, nikaeleza kwa urefu kwamba sikumtazama huyo mtu, na kadiri nilivyoeleza ndivyo huyo mtu alivyozidi kupata umbo, nguo na kwao.

Siku ya pili chai ilikuja haina iliki. Siku ya tatu chai haikuja.

Muda wote huo kijana wangu wa kidato cha tatu, aliyekuja likizo kutoka shule ya bweni, alikuwa pale pale mezani. Alikula, akanitazama, akainamisha macho. Jioni ya siku ya pili alinisogelea ukumbini akaniambia, "Pole, baba." Moyo wangu ulijaa. Nikajiambia, hapa nimelea. Na kulikuwa na jambo jingine la kunifurahisha: tangu aje likizo alikuwa akiamka mwenyewe kabla ya adhana ya alfajiri. Namsikia anafungua mlango wa uani taratibu, asituamshe. Miaka yote nimemtoa mtoto huyu kitandani kwa kumvuta mguu, leo anaamka kabla ya muadhini! Nilimshukuru Mungu, na barazani nilijisifu.

Jumamosi ndipo nilipotia mkono katika mfuko wa ndani wa lile koti nikakuta kitu. Kilikuwa laini kama sabuni ya hoteli, rangi ya machungwa chini na manjano juu, kina mdomo upande mmoja na upande wa pili tundu la kuchajia. Nilifurahi sana. Kamati yetu ya harusi ilikuwa imepoteza flashi yenye orodha ya michango, na mimi ndiye katibu, na watu walikuwa wameshaanza kusema. Nilikwenda barazani nimeishika juu kama mtu aliyeokota pete ya sultani.

Fundi Redio aliipokea, akaigeuza, akanitazama. "Hii si flashi, mzee. Hii ni vepu."

"Vepu ndiyo nini?"

"Sigara ya umeme."

Kabla sijauliza sigara na umeme vimejuana lini, Mzee Kuli alishaichukua. Mzee Kuli amebeba magunia Kilindini ujana wake wote na amevuta sigara kwa miaka mingi zaidi ya aliyobeba magunia. Kikohozi chake ndicho saa ya mtaa wetu. Akikohoa mara ya tatu asubuhi, watoto wa shule wanajua wamechelewa. Akaiweka mdomoni, akavuta. Ikawaka taa ya buluu. Sote tukasubiri kikohozi.

Hakikuja. Kilichotoka ni wingu jeupe, na katika wingu lile embe. Embe bivu, embe la Januari, limejaa baraza zima. Nikaitambua ile harufu, miguu ikaniishia nguvu.

Mzee Kuli alivuta mara nne kabla hatujamnyang'anya. Kisha akafikiri, akasema neno ambalo sijalisikia kwa daktari wala kwa waziri: "Hii haina mlinzi."

Nitaeleza alichokusudia, kwa sababu na mimi niliwahi kumkuta huyo mlinzi. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Wakati ule sigara ilikuwa kitu cha heshima. Mashindano ya Safari Rally yenyewe katika miaka ya 1980 yaliitwa kwa jina la sigara, na kila mvulana alijiona dereva. Tulinunua moja, wavulana watatu, dukani kwa mtu ambaye kibiriti chake kilifungwa kwa uzi dirishani. Tukaenda nyuma ya ukuta, tukaiwasha kichwa chini miguu juu, tukaiwasha tena. Nilivuta pumzi moja. Sikumbuki kilichofuata kwa mpangilio. Nakumbuka nilikohoa mpaka nikaona ndege wawili mahali palipokuwa na mmoja, nikatapika viazi vya karai vyote nilivyokula, na mwenzangu mmoja akatoa shahada. Tukatafuna majani ya mpera kuua harufu. Nilipofika nyumbani mama yangu hata hakuninusa mdomo; alininusa vidole. Na baba alipoona shati limetoboka kijitundu cha moto, kesi ikawa imekwisha kabla sijaulizwa jina.

Huyo ndiye mlinzi. Sigara ilikuwa inamkataa mtoto yenyewe. Inamkaba koo, inamchoma, inamnukisha, inammwagia jivu, inampeleka kwa mama yake na ushahidi mkononi. Waliokuwa wavutaji miongoni mwetu walipigana nayo wiki nzima ndipo ikawakubali. Wengi wetu tulishindwa siku ya kwanza, na kushindwa kule ndiko tunakokuita leo maadili.

Sasa tazama kitu hiki. Hakina moto wala jivu, na kibiriti cha kuombwa hakipo. Harufu yake ni ya tunda. Fundi Redio aliipasua pale pale barazani kwa bisibisi ya saa, akatuonyesha: betri ndogo ya lithiamu, waya mwembamba uliosokotwa, na pamba iliyolowa maji matamu yanayonata. Ukivuta, kuna kijidude kinahisi upepo wa kinywa chako na kuwasha waya. Waya unayachemsha yale maji, nayo yanakuwa mvuke. Maji yenyewe ni gliserini na mwenzake propilini glikoli, manukato ya kutengenezwa, na nikotini. Fundi hakusikitikia nikotini. Alisikitikia betri. "Nzima kabisa hii, wallahi, na watu wanaitupa jaani!" Aliitia mfukoni, na mpaka leo inaendesha redio yake ndogo. Waingereza nao waliichukia tabia hiyo ya kutupa, wakapiga marufuku vepu za kutumia na kutupa kuanzia tarehe 1 Juni 2025, kwa ajili ya takataka na kwa ajili ya watoto.

Usiku ule sikulala. Nilikuwa na simu na nilikuwa na hasira, na mtu akiwa navyo vyote viwili husoma sana. Nikagundua kwamba mwanzo wa kitu hiki haukuwa mbaya. Mfamasia mmoja wa China, Hon Lik, mvutaji mkubwa mwenyewe, ambaye baba yake alifariki kwa saratani ya mapafu, ndiye aliyebuni mwaka 2003 hii sigara ya umeme tunayoijua, ili mvutaji apate nikotini yake bila moshi na lami. Yaani ilitengenezwa kwa ajili ya Mzee Kuli. Siwezi kubisha: kwa mtu ambaye mapafu yake yameshakuwa dohani, mvuke ni nafuu kuliko moshi. Ila Mzee Kuli hakuletewa. Dawa ya babu imeandikwa, imetiwa sukari, ikapitia mlangoni pake bila kubisha hodi, ikaenda kwa mjukuu.

Waliotia sukari walikuwa Wamarekani. Mwaka 2015 ilitoka moja inaitwa Juul, kazi ya vijana wawili waliosoma ubunifu chuo kikuu cha Stanford, nayo ilifanana na flashi (kwa hiyo msinicheke). Nikotini ya kawaida ikiwa nyingi hukwaruza koo. Wao waliichanganya na asidi ya benzoiki, jamaa wa kile kinachotiwa ndani ya soda isiharibike, ikawa chumvi laini inayoteremka kama maji ya dafu. Kwa njia hiyo ukaweza kumpa mtu nikotini nyingi sana na koo lisilalamike. Kampuni yenyewe ilikuwa ikisema kichupa kimoja ni sawa na pakiti nzima ya sigara. Pakiti nzima! Mimi pumzi moja ilinitapisha viazi.

Kufikia 2019, zaidi ya mwanafunzi mmoja kati ya kila wanne wa sekondari za Marekani alikuwa anavuta. Aprili 2023 kampuni ile ilikubali kulipa dola milioni 462 kumaliza kesi za majimbo kadhaa, yakiwamo New York na California, yaliyosema bidhaa ile iliuzwa kwa kuwalenga vijana. Siku hizi huko idadi imeshuka sana. Kwao imeshuka, kwetu inateremshwa bandarini.

Asubuhi ya Jumapili nikamwita kijana ukumbini. Nikaweka mezani mabaki ya ile vepu, ganda tupu na pamba yake, kama polisi anayeonyesha bangi kwenye televisheni.

"Hii ni nini?"

Akaangalia kwa huzuni, si huzuni ya toba, ni ile ya mtu aliyeona simu yake imepasuka. "Ni mvuke tu, baba."

"Mvuke?"

"Eeh. Si moshi."

"Mvuke wa wali nao ni mvuke. Nimekulea miaka kumi na sita, sijakuona hata siku moja umeinamia sufuria ukivuta."

Akanyamaza. Nikamuuliza bei. Shilingi elfu moja na mia nane. Nikakaa chini. Nikamuuliza kapata wapi fedha hizo, na hapo ndipo nilipoumia kabisa: wamechanga. Wavulana wanne, kila mmoja mia nne na hamsini, hakuna aliyechelewa, hakuna aliyeomba apewe mpaka mwisho wa mwezi, na zamu za kukaa na kitu zimepangwa kwa wiki. Mimi ni katibu wa kamati ya harusi yenye wazee kumi na wawili, na tangu Juni tunadai watu wanane. Wallahi nilitamani kumwomba kijana aniletee huyo mweka hazina wao.

"Na mlinunua wapi?"

"Unaagiza kwa simu. Bodaboda anakuletea mpaka kona ya msikiti."

"Muuzaji hakukuuliza umri?"

"Aliuliza ladha."

Nilirudia jibu hilo kichwani siku nzima. Tunayo sheria ya kudhibiti tumbaku tangu 2007, na humo aliye chini ya miaka 18 hauziwi sigara. Lakini waliokaa kuiandika walikuwa wakifikiria tumbaku iliyo jani, inayoviringishwa na kuwashwa. Nani angewaza embe? Ladha zenyewe alinitajia: tikitimaji la barafu, stroberi, pipi ya pamba, mnanaa, zabibu. Nikauliza kama kuna ya mbaazi na mahamri. Hakucheka. Mtu wa miaka arubaini na mitano, mwenye kazi na madeni, hatafuti kitu chenye ladha ya pipi ya pamba. Aliyeitia alijua anamwita nani.

Nilimuuliza kwa nini. Akasema stresi. Nikamuuliza stresi ya nini, karo nalipa mimi, chakula napika… anapika mama yako, nguo unavaa za kwangu, na kwa ushahidi wa juzi hata koti. Mama watoto, ambaye hadi wakati huo alikuwa nyuma ya pazia akijifanya anakunja nguo, alitoka kidogo aliposikia neno koti.

Basi kijana akasema kweli, kama wanavyosema watoto wakishachoka kusimama. Bwenini wako wavulana wanaotoa mvuke kwa pete, pete ndani ya pete, na mmoja anaweza kuumeza na kuutoa puani kama joka. Ukiwa nacho unakaa nao. Ukiwa huna unasimama mlangoni kuangalia kama mwalimu anakuja. Yeye muhula mzima alikuwa wa mlangoni. Siku aliyoitwa ndani alionja, akangoja kukohoa, hakukohoa. "Ilikuwa tamu," akasema. "Kama sharubati." Ndani ya wiki mbili akaanza kuamka nayo akilini.

"Kuamka saa ngapi?"

Akatazama chini. "Kabla ya adhana."

Hapo nilitaka ardhi inimeze. Mlango wa uani! Ule mlango unaofunguliwa taratibu! Nimemsifu mtoto huyu mbele ya imamu.

Tulimpigia shangazi yake, ambaye ni muuguzi, tukaweka spika. Hakupiga kelele. Alimweleza kwamba ubongo wa mtu hujengwa mpaka kwenye miaka ishirini na mitano, na nikotini ikiingia wakati wa ujenzi inajifanyia chumba chake humo humo, ndiyo maana kijana hunaswa nayo haraka kuliko mtu mzima na hujichomoa kwa shida zaidi. "Nyumba haijaezekwa," alisema, "na wewe ushapeleka mchwa kwenye boriti." Alimwambia pia asishangae wiki mbili za kwanza akiwa mkali, akikosa usingizi, akikosa utulivu darasani, mwili unadai ulichozoezwa. Kijana alilia kidogo. Mimi pia, lakini mimi nilikuwa bado nafikiria imamu.

Kinachonikera ni kwamba huu mji una macho makali sana kwa vinavyoonekana. Mei 2024 gavana wetu alipiga marufuku muguka, yale majani ya kutafuna, Kilifi na Taita Taveta wakafuata, wakulima wa Embu wakaja juu, Rais akasema marufuku yale ni batili, mahakama ikaingia kati, na kwa mwezi mzima hakuna baraza lililozungumza jambo jingine. Muguka una kosa kubwa: unavimbisha shavu. Shisha ilipigwa marufuku nchi nzima Desemba 2017. Buruma lake lina mkaa, lina mpira, na halifichiki ndani ya soksi. Hata mabuyu, tulipokatazwa kuyala kabla ya chakula, yalitushitaki kwa wekundu wa ulimi. Waganda walikuwa wajanja, sheria yao ya 2015 ilizikataza shisha na sigara za umeme kwa pamoja. Sisi hizi za umeme tunazitoza ushuru kwa mililita. Mzee Kuli akiwasha sigara yake stendi ya matatu, askari wa kaunti anamtokea kutoka chini ya ardhi. Kijana akivuta embe nyuma ya basi, abiria wanauliza nani amenunua matunda.

Mama watoto hakuniomba msamaha. Alisema tu kwamba pua yake haikukosea: harufu ilikuwapo, embe lilikuwapo, na aliyelila alikuwa wa nyumbani mwangu. Kisheria nadhani ameshinda. Chai yenye iliki ilirudi Jumatatu. Koti alilifua mara tatu na kulifukiza udi wa wageni, jambo ambalo kwake ni sawa na barua.

Kijana alirudi shule na barua yangu kwa mwalimu wa bweni. Nilipokea simu mbili muhula huo, zote za ukali: moja kapigana, moja kalala darasani. Shangazi yake akasema ndivyo ilivyo. Novemba alikuja nyumbani amekonda kidogo, na asubuhi nilimtoa kitandani kwa kumvuta mguu, nikafurahi sana.

Desemba maembe yakaingia. Nilikwenda mwenyewe sokoni Kongowea, nikachagua ngowe limeiva mpaka linatoa asali kwenye kikonyo, nikalipasua mezani, nikampa kijana kipande cha kwanza. Alitafuna polepole. Akasema ni zuri, ila halijakolea embe.

Mama watoto aliinua uso. Akalinusa embe, akamnusa kijana, kisha, kwa mazoea tu, akaninusa na mimi.